Koncha Chini ya Kofia

Jumatatu, 6 Januari

Sikukuu ya Wafalme, na badala ya kukaa kwangu nile kwa amani, niko ukumbi wa parokia na watu kumi na wanne wenye damu tamu kama yangu. Hatujawa wagonjwa wa kisukari. Tuko mlangoni, anasema Bi Obdulia, mwalimu wetu. Mimi niko mlangoni na sita nukta tatu, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu walichonipima Novemba, na tarehe tatu Februari wanapima tena.

Huyu mama ananimaliza. Zamani kliniki walinipa karatasi ya vyakula ambavyo mtaani kwetu hapa San Antonio hakuna aliyewahi kuvipika. Nikaikunja, nikaiweka chini ya mguu wa meza, mambo yakaisha. Lakini Obdulia kazaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu! Anajua tortila, chapati zetu za mahindi, anajua mafuta ya nguruwe, anajua mpungate, ule wa miiba, unakaangwaje na mayai. Wala hasemi acha. Anasema tortila mbili, Baldomero, si sita. Nikamwambia kwetu tunakula hivi tangu enzi za mama. Akasema mama yako alikula mbili na kutwa nzima alikuwa kwa miguu, nilikuwa nakula jikoni kwake. Sasa mtu kama huyo utamdanganya nini?

Leo kaleta mkate wa Wafalme, unga usiokobolewa, sukari kiduchu. Na kile kitoto cha plastiki kinachofichwa ndani yake kikawa kwenye kipande changu! Anayekipata ndiye anayewapikia wote tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda, siku ya Kandelaria, tarehe mbili Februari. Mimi? Thubutu. Nicanor alipogeuka kuchukua kahawa, nikakisokomeza kwenye kipande chake. Nicanor ni baba wa ubatizo wa mjukuu wangu Itzel, na tangu apungue kilo tisa anasifiwa mpaka sisi wengine hatupumui. Nilingoja anune. Akaruka kwa furaha! Atapika za maharage, kwa mafuta ya mboga. Ukumbi mzima makofi. Hata mimi nilipiga, mjinga mimi.

Jumatano, 8 Januari

Siku mbaya. Itzel anatimiza miaka kumi na tano mwezi wa Aprili, na walsi ya sherehe, dansi ambayo msichana hucheza na baba yake, ni yangu, kwa kuwa baba yake alishatutoka. Leo mazoezini nyayo zikafa ganzi. Nikamkanyaga, kisha nikaangukia spika.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema babu, hata babu Fidencio alianza na ganzi ya vidole. Fidencio ni kaka yangu. Sasa ana mguu mmoja. Akasema tarehe tatu sukari yangu isiposhuka chini ya sita, atacheza na Nicanor, kwa sababu hataki kunisindikiza kifoni. Maneno gani hayo kwa mtoto?

Nicanor anacheza kama anasukuma friji. Nilikosa hamu ya kula. Baadaye ikarudi.

Alhamisi, 16 Januari

Obdulia alitugawia vidude vya kuhesabu hatua. Mke wangu Amparo anashona gauni la Itzel kwa cherehani ya kukanyaga, kutwa nzima. Nikakifunga kidude kwenye kanyagio. Akili hiyo!

Leo Obdulia kasoma hesabu mbele ya darasa. Akasema hongera, Baldomero, kwa wiki hii umetembea mpaka Laredo, kule mpakani, na kurudi. Nicanor akauliza nilisalimia nani huko. Walicheka mpaka mzee mmoja akahitaji maji. Na jambo la kuudhi kuliko yote: wiki nzima nimetembea kweli! Ila siwezi kusema nilikuwa nakwenda wapi.

Jumamosi, 25 Januari

Nitasema hapa tu. Nakwenda kwa Eusebio mwoka mikate. Maili mbili kwenda, mbili kurudi, kila siku ya Mungu, tangu Siku ya Wafu, mwanzoni mwa Novemba. Siku ile Amparo alinikuta na mikate sita kwenye kiti cha mbele cha gari, akaficha funguo. Nimezitafuta hadi ndani ya gunia la unga. Hamna!

Basi kwa miguu, kama mwenye kutubu. Na narudi na koncha moja, ule mkate mtamu wa mviringo, kwa sababu ndiyo pekee inayoingia chini ya kofia Amparo asiione. Moja! Nikifika nyumbani ni maharage na mpungate, tortila mbili, na Amparo ananihesabia kwa macho. Haya ni maisha?

Jumapili, 2 Februari

Kandelaria. Tamale za Nicanor zilikuwa tamu. Nachukia kuandika hivyo. Nilikula nikitafuta kasoro, nikakosa.

Kisha Padre akasema tusali. Wanaume wote wakavua kofia. Nami nikavua, mkono ulishazoea! Koncha ikaanguka, ikabingirika mpaka kwenye viatu vya Obdulia. Sala ikakatika. Itzel aliiokota, akaiweka mezani, akatoka nje. Amparo alisema jina langu lote, na la ukoo.

Nilimfuata Itzel. Nikamwambia ilikuwa moja tu. Akasema kesho watapima, babu, hakuna haja ya kunieleza. Nimeogopa. Naliandika hilo halafu nalifuta. Basi, liache.

Jumatatu, 3 Februari

Tano nukta nane!

Obdulia alisoma mara mbili. Itzel alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka, safari hii tupu. Nicanor alinipa mkono, machozi yakimlengalenga, inaudhi mtu akiwa mwema kiasi hicho. Obdulia aliniuliza, kwa upole kabisa, nini kimebadilika tangu Novemba. Nikamwambia ukweli: koncha kila siku, bila kukosa. Alifumba macho. Akaniuliza naifuataje. Nikasema kwa miguu, kwa shida, ila hilo halihusiani. Alitaka kuniambia jambo lakini nilikuwa nimeshageuka kumwonyesha Nicanor ile karatasi.

Kumbe dawa ni mkate! Miezi mitatu wanatufundisha mboga, na dawa iko kwa Eusebio.

Jumanne, 4 Februari

Walsi ni yangu. Amparo kalia kwa furaha tangu asubuhi, na mimi nikaona hapa ndipo pa kusemea. Nikamwambia Itzel anahitaji mtu wa kumpeleka mazoezini, asitembee. Akafungua kasha la vifungo vya gauni, akanitolea funguo za gari. Kumbe zilikuwa humo!

Kwa Eusebio sasa ni dakika tano kwa gari. Tena kwenye kiti cha mbele, nimeshapima, zinaingia koncha sita.