Mishale Kumi na Minne ya Mzee Njeru

Jumatatu, 11 Januari 1954

Shule imekwisha. Cheti ninacho. Nafasi ya kusomea uuguzi huko Meru ninayo pia, na barua ya Sista wa huko inasema nifike kabla ya tarehe ishirini. Kimebaki kitu kimoja tu: muhuri wa hedimani, mzee wa serikali wa mtaa wetu. Bila muhuri hakuna pasi, bila pasi askari wa daraja la Thuchi atanirudisha Embu, na nitauza maini katika bucha ya Baba mpaka nizeeke.

Taabu ni kwamba mwezi huu muhuri ni wa msichana mmoja tu. Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, amesema hivyo kwa sababu ya hii Hali ya Hatari. Na Mukami naye anautaka! Mukami mwenye sauti kama tarumbeta. Darasani alikuwa akinakili hesabu zangu, kisha ananiambia nimekosea.

Leo nimekwenda kuomba. Njiani nilifanya mazoezi mbele ya mbuzi wa Mwanabibi, jirani yetu. Mbuzi alinisikiliza vizuri sana. Kufika kwa hedimani, Mzee Njeru akaniuliza, haya kairitu, binti ya Hassan, wataka nini? Nikajisikia nikisema ng'ombe hajambo.

Akauliza ng'ombe gani.

Nikakimbia.

Jumanne, 12 Januari

Nimefikiri usiku kucha. Kuomba siwezi. Basi itabidi nifanye jambo zuri, kubwa, lililo wazi kabisa, mpaka Mzee Njeru aulize mwenyewe ni nani huyu, na muhuri uje bila mimi kufungua mdomo. Ni mpango safi. Sijui kwa nini watu hupenda kuongea.

Na bahati imekuja yenyewe! Pofu, wale wanyama wakubwa kama fahali, wamemaliza kunde za kijiji kipya. Homgadi, askari wa kulinda vijiji, wameruhusiwa kuwawinda Jumamosi, lakini kwa upinde tu. Risasi, Bwana Shauri kasema, si za pofu. Zamani Fundi Gitari ndiye aliyewafulia na kuwanolea vigumba vya mishale. Lakini Gitari alipandishwa lori la askari mwezi wa kumi, na mpaka leo mkewe hajaambiwa yuko wapi. Mivuo yake ya kupulizia moto imelala nje inanyeshewa. Kwa hiyo Mzee Njeru ameleta mishale yake kumi na minne kwa Baba, maana katika mji huu hakuna visu vikali kushinda vyetu.

Baba alinung'unika kwamba kisu ni kisu na mshale ni mshale. Lakini siku hizi nani humkatalia hedimani? Kisha kiuno kikamkamata. Nikaitazama tupa. Nikamtazama Baba. Baba ndiye mtu pekee anayeelewa ninavyotazama. Akasema haya, keti.

Nimejifunza: unaanza na tupa, unasukuma upande mmoja tu, kutoka shinani kwenda nchani. Mara kumi kulia, mara kumi kushoto, la sivyo mshale utakwenda kusalimia watu wengine. Halafu kinoo na maji. Halafu mkanda wa ngozi. Baba anasema usikinoe kigumba kama wembe, kwa sababu kisu cha bucha hukutana na nyama laini, lakini mshale hukutana na mfupa. Makali membamba mno hujikunja.

Nimejaribu makali kwa kunyoa nywele za mkono. Mkono wa kushoto sasa ni kama wa mtoto mchanga. Nywele zilipokwisha nikajaribu kwenye kikoi cha Baba kilichokuwa kwenye kamba. Makali ni mazuri mno. Nimekikunja kikoi upande wa ndani.

Jumatano, 13 Januari

Habari zimeenea. Homgadi wengine wameleta mishale yao, kila mtu na fungu lake. Mzee Kivuti, msaidizi wa hedimani, ameleta minane na maneno mengi. Kivuti hajapiga mnyama tangu mimi nizaliwe, ila anasimulia vizuri.

Ninafungua fungu moja kwa wakati ili nisichanganye. Mimi ni mwangalifu.

Nimegundua jambo la aibu kuhusu kazi ya Fundi Gitari, Mungu amrudishe salama. Shinani mwa kila kigumba kuna mikwaruzo! Mingine kama unyayo wa kuku, mingine vijistari viwili na kimoja cha kukata, mingine vitone. Hakuna hata kimoja kilicho safi. Baba alikuwa amelala kwa ajili ya kiuno, nisingemwamsha kwa jambo dogo. Nimeisugua yote kwa tupa. Vigumba arobaini na kimoja! Sasa vinang'aa kama vijiko vya misheni.

Mukami alipita na debe la maji kichwani. Akasimama mlangoni, akapaza sauti barabara yote isikie: Mwanatatu, umekuwa mhunzi? Huko Meru utawanoa wagonjwa? Kisha akaniambia kwamba yeye ameanza kumchotea maji mke wa hedimani, mara tatu kwa siku, na kumtwangia mtama pia. Mke huyo amemwita mwanangu.

Nimesugua mpaka vidole vimetoka damu.

Alhamisi, 14 Januari

Ushindi!

Vigumba vyote nilivipaka mafuta ya figo, mengi mpaka shinani hapaonekani, nikavifunga kwa maganda makavu ya mgomba ili visipate kutu. Baba amesema hilo nimelifikiria vyema. Homgadi wamechukua mafungu yao. Mzee Njeru alifunua ncha ya kigumba kimoja, akanyoa nayo ndevu tatu, akacheka kama kijana. Akauliza, Hassan, ni nani aliyefanya kazi hii? Baba akasema ni binti yangu, yule aliye nyuma ya ngozi, anayetaka muhuri wa kwenda shule.

Nilikuwa nyuma ya ngozi ya fahali. Nilitoa mkono mmoja nikaupunga.

Mzee Njeru amesema Jumamosi, akitoka mawindoni, atanigongea muhuri wangu mkono wake ukiwa bado unanuka nyama. Ameyasema mbele ya watu! Mbele ya Mukami aliyekuwa amekuja kununua utumbo. Uso wake, laiti ningekuwa na kamera.

Ijumaa, 15 Januari

Mimi ni maiti inayoandika.

Baada ya sala, Mzee Jumaa, rafiki ya Baba, alikuja kunywa uji naye, wakaanza hadithi za mawindo ya zamani. Mzee Jumaa akasema uzuri wa watu wa huku ni kwamba hawagombanii nyama. Mwenye mshale wa kwanza mwilini ndiye mwenye mnyama: kidari chake, ngozi yake, sifa zake. Baba akauliza watajuaje, ilhali mti wa mshale huvunjika vichakani? Mzee Jumaa akasema ndiyo maana alama ya mtu huchongwa kwenye chuma, pale shinani. Mti hupotea, chuma hubaki ndani ya nyama. Gitari alikuwa akimchongea kila mtu alama ya nyumba yake, aliyoachiwa na babu yake.

Uji ukanipalia. Baba akanipiga mgongoni.

Arobaini na kimoja! Nyumba za watu tisa, babu na mababu, nimezikwangua kwa tupa!

Ningeweza kumwambia Baba. Lakini kumwambia ni kuongea.

Nimepata njia. Wengine watajijua. Wa muhimu ni Mzee Njeru. Nimeandika karatasi: Tafadhali mishale ya Mzee irudi kidogo, ipakwe mafuta zaidi, H. bin K., mchinjaji. Ni jina la Baba, si uongo mkubwa. Mzee Njeru hasomi, mkewe hasomi, karatasi ikasomwa na nani? Na Mukami! Alikuwa huko anatwanga. Akaja yeye mwenyewe na podo kichwani kama mzigo wa kuni, akaniambia mwandiko wa mchinjaji unafanana sana na wa mtu aliyekuwa akikaa dawati la mbele. Kisha akasema hana nafasi ya kunichongea, kuna mtama wa mama unamngoja. Amekwisha kumwita mama!

Nimechukua msumari na nyundo. Nikafumba macho nikumbuke. Fungu la kwanza, Jumanne, mikwaruzo yake ilikuwa... unyayo wa kuku. Ndiyo. Unyayo wa kuku kabisa, ningeapa. Nimechonga nyayo kumi na nne, nzuri kuliko za Gitari, nikapaka mafuta, nikafunga, nikarudisha kabla ya kafyu.

Nimeokoka. Nitalala vizuri.

Jumamosi, 16 Januari

Haukuwa unyayo wa kuku.

Wamerudi saa nane na pofu dume, mkubwa ajabu, juu ya mkokoteni uliosukumwa na watu wanane. Wamemlaza mbele ya bucha kwa sababu magogo ya kukatia ni yetu. Sisi hatuli, hakuchinjwa, lakini Baba alikubali kuwasaidia kupasua. Mji mzima ukaja. Mzee Njeru alikuwa amekwisha kujisifu kutoka mtoni mpaka mlangoni petu: mshale wa kwanza wake, begani, mnyama akapiga magoti. Kila mtu alimwona.

Baba akatoa vyuma. Vitano vya mbavuni havikuwa na kitu. Vyeupe, kama vijiko. Watu wakaanza kunong'onezana, na mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama ni uchawi. Kisha Baba akatoa kile cha begani, akakipangusa damu, akakiinua juani.

Unyayo wa kuku.

Halafu mtu akasema, hiyo si ya kwa kina Kivuti?

Mzee Kivuti alipiga mshale mmoja tu leo, na wote wanasema ulikwama kwenye kichuguu. Alikitazama chuma. Akamtazama pofu. Akajikohoza. Akasema ni kweli alikuwa amelenga pembeni kidogo, kwa sababu ya upepo.

Mzee Njeru akauliza upepo gani! Kivuti akasema, alama ni hiyo mzee wangu, mimi nifanyeje? Na kidari akakitia begani. Mzee Njeru akachomoa mishale yake iliyobaki podoni, akafungua maganda mmoja baada ya mwingine. Kuku, kuku, kuku, kuku. Akasema polepole, Hassan, baba ya babu yangu amekwenda wapi?

Baba akageuka taratibu akaitazama ile ngozi ya fahali.

Nikatoka. Miguu ilitoka, mimi nikaifuata. Nikafungua mdomo ili niseme ng'ombe hajambo, na badala yake yakatoka mengine yote! Tupa, mikwaruzo, vijiko vya misheni, figo, msumari, karatasi, daraja la Thuchi, Sista, hata kikoi cha Baba ambacho hakuna aliyekiuliza. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo tangu kuzaliwa.

Kisha homgadi mmoja akacheka, na wote wakamfuata, isipokuwa Kivuti, kwa sababu mtu alikuwa amekwisha kukishusha kidari begani mwake.

Mzee Njeru hakucheka. Akaniuliza hiyo shule iko wapi. Nikasema Meru. Akauliza ng'ambo ya Thuchi au upande huu. Nikasema ng'ambo. Akauliza, mbali? Nikasema mbali sana, mzee. Akasema, leta karatasi.

Akagonga muhuri juu ya gogo la kukatia nyama. Akagonga tena mara ya pili ili askari yeyote asije akanirudisha. Akasema lori la kesho asubuhi, na watu wa Meru wapewe pole.

Mukami akapiga kelele kwamba muhuri ni wake, amechota maji siku nne! Mke wa hedimani akamshika mkono. Akasema msichana anayetwanga namna ile hawezi kumwachilia aende Meru kuosha wagonjwa, labda mwakani, labda mwaka ule mwingine.

Kwa hiyo unaona. Mpango wangu umefaulu, barabara kama nilivyoupanga.

Jumapili, 17 Januari

Nimevuka Thuchi. Askari aliitazama mihuri miwili, akanitazama mimi, akaniuliza nimefanya kosa gani.

Baba alinisindikiza mpaka kwenye lori. Amenipa kinoo kidogo cha ukumbusho. Tupa nimejichukulia mwenyewe, bila kumsumbua.

Jumanne, 19 Januari, Meru

Shule ni nzuri. Wasichana ni wengi, kutoka Kiirua, kutoka Mitunguu, kutoka kila mahali. Chakula kipo. Lakini kitanda changu kiko mlangoni, na upepo wa mlima unaingia moja kwa moja mpaka kwenye mifupa. Kuna kitanda kitupu karibu na ukuta wa jiko. Inatosha kumwomba Sista.

Leo Sista alisimama mbele yangu, akaniuliza kwa upole kama nahitaji chochote. Nikamwambia ng'ombe hajambo.

Haidhuru. Nimefikiri. Nifanye jambo zuri, kubwa, lililo wazi kabisa, mpaka Sista aulize mwenyewe ni nani huyu.

Jioni, wakati wa kuosha vyombo, nimeviona vikombe vya bati. Ishirini na sita. Chini ya kila kimoja mtu amekwaruza kwa msumari: kimoja nyota, kimoja mistari mitatu, hata kile cha Sista kina msalaba. Aibu gani hii, mahali safi kama hapa! Inaonekana hawajapata mtu wa kuvisugua.

Tupa iko chini ya mto. Nitaamka kabla ya kengele.