Mwalimu wa Kamera Yenye Giza

Mdomo-Asali hakuwahi kumiliki kamera maishani mwake, lakini aligeuka mwalimu wa kupiga picha pale tu alipowaona dada wawili nje ya duka la vifaa vya umeme. Mkubwa alikuwa ameikumbatia kamera nyeusi, nzito, inayong'aa. Mdogo wake alikuwa akizungusha kitufe cha juu, uso kaukunja.

"Herufi zote hizi za nini jamani?"

Mdomo-Asali akanyoosha kola, akasogea. "Dada zangu, mnaitesa bure. Nileteeni niwafundishe. Sitaki hata asante."

Mkubwa akamkabidhi kamera kwa mikono miwili. "Mungu akubariki, mwalimu. Ila sisi wasahaulifu, na simu zetu zimeisha chaji. Tuazime yako tukurekodi."

Akiwanyima watamshuku. Akaifungua simu yake, akawasha video, akawapa. Kamera ile ilikuwa na thamani ya simu kama hiyo mara kadhaa, kwa hiyo moyo wake ulikuwa umetulia tuli.

Akaweka jicho kwenye kamera. Giza totoro.

Mtu mwingine angesema, "Mbona sioni kitu?" Yeye hakulelewa hivyo.

"Tundu la lenzi hilo," alitamka. "Likiwa pana, mwanga unaingia tele, likibanwa, giza. Na namba yake ni kaidi: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa." Haya aliyasikia studio moja, siku aliyojificha nyuma ya pazia akiwakwepa polisi.

Akazungusha. Giza.

"Basi ni shata. Huyo ni bawabu wa mwanga. Akifungua na kufunga chapuchapu, hata anayekimbia anaganda kwenye picha. Akizubaa, picha inakuwa ukungu mtupu."

Giza.

"Nilijua! ISO! Hiyo ni njaa ya kamera. Ukiipandisha, inaona hata penye mwanga hafifu. Ukizidisha, picha inajaa chengachenga."

"Kumbe!" dada wakaitikia.

"Sasa rudini nyuma niwapige. Nyuma tena. Tena kidogo."

"Mpaka kwenye kona, mwalimu?"

"Hata mkiipita kona, lenzi hii inafika!"

Wakaipita kona. Mdomo-Asali akageuka, akatoka mbio na kamera kifuani, hadi kibandani kwa fundi wa redio anayenunua vitu bila maswali.

Fundi akaipima mkononi, akalegeza skrubu mbili. Likadondoka jiwe.

"Kaka, huyu ni mdoli wa kupamba dirisha la duka. Hata kioo hana."

Mdomo-Asali akajishika kichwa, kisha mfuko. Simu! Akaazima ya fundi, akapiga namba yake.

"Mwalimu!" dada mkubwa akapokea kwa furaha. "Tulizunguka kwa mbele, tukakupiga picha ukikimbia. Yaani umetoka mtanashati! Tungekurushia sasa hivi kwa namba hii, ila simu imejifunga."

Fundi akamtikisia kichwa kwa nguvu. Mdomo-Asali akampa mgongo. Kisha akauliza taratibu, "Nimetoka mtanashati kweli?"

"Wallahi."

Akawatajia namba ya siri.

Picha ikaingia papo hapo: Mdomo-Asali hewani, miguu yote miwili juu, ulimi nje, kila jino linahesabika. Alipopiga tena, simu yake ilikuwa imezimwa.

Fundi akaitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Huyu dada," akasema, "kamera anaijua."