Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kuzindua Lebo za Magunia

Wapambanaji wenzangu katika vita dhidi ya wizi, waheshimiwa wajumbe wa bodi, wachungaji wetu, wakulima wa kahawa wa Isansa na vitongoji vyake, nanyi akina mama mliotupikia: (makofi, meza kuu) mimi, Deus Mbonile, Mwenyekiti wenu, nasimama kwa unyenyekevu ambao wengi wameusifu kutangaza kwamba ushirika wetu unahama rasmi kutoka analojia kwenda dijitali, ambapo kila gunia litabandikwa lebo, lebo itasomwa na skana, skana itaiarifu kompyuta, na kompyuta itaniarifu mimi.

Ndiyo maana, katika awamu ya maandalizi ya kimkakati, niliwaagiza mfumue vile vipande vya kitenge mnavyoshonea midomo ya magunia, kila nyumba na kitenge chake, kwa kuwa utambuzi wa namna hiyo hauendani na mfumo. Mkatekeleza kwa asilimia mia moja. Wiki iliyofuata magunia yakatoweka ghalani, na leo yakipita mbele yenu hakuna atakayejua lipi ni lake. Huo, ndugu wadau, ndio usawa.

(Mzee Ezron: “Usawa wa kuibiwa, baba?” Kicheko.)

Nasikia pia manung'uniko kuhusu mtunza ghala wetu, dada Ketrina, anayeshikiliwa polisi kwa upotevu huo. Tulieni. Kompyuta itamsafisha, maana inajua nani aliingia, nani alitoka na alibeba nini.

(Nsajigwa, mumewe: “Basi tuibebe sasa hivi, Mwenyekiti. Mtoto ananyonya, na mama yake yuko ndani.”)

Hoja nzuri, kaka, nimeipokea, itaingizwa kwenye mchakato. Lebo hoyee! (Hoyee, meza kuu.) Namalizia kwa shukrani. Namshukuru mfadhili, ambaye tukimpata ataununua mfumo wenyewe, kompyuta ikiwemo. Namshukuru fundi tutakayemwajiri. Kwa namna ya pekee namshukuru shemeji yangu Clever, ambaye kwa ufunguo wangu na idhini yangu aliyapakia magunia yote kuyapeleka Tunduma, mpakani, yakabandikwe lebo, ili siku skana ikifika isikute kazi imelala.

(Viti vinasogezwa.)

Mbona mnasimama? Mkutano haujafungwa. Tutakutana tena Jumamosi, saa nne...

(Nsajigwa: “Tunakutana leo saa nane, Mwenyekiti, kituo cha polisi. Hayo uliyosema hapa, utayarudia pale.”)