Mkubwa Wangu Aachishwe Kazi Kwanza

Nyuma ya soko la Katito,
Nyakach.
Aprili 1994

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kupunguza Wafanyakazi,
Bodi ya Magunia ya Kanda ya Ziwa,
Kisumu.

Bwana Mwenyekiti mheshimiwa,

KUH: KUACHISHWA KAZI BILA KUFUATA UKUBWA

Pokea salamu za watu wanaoshinda nyumbani mchana kutwa. Natumai u mzima na kamati yako ni nzima, maana sisi wengine mmetupunguza.

Mimi ni Dalmas Ouma, aliyekuwa Mkaguzi Msaidizi wa Matundu katika ghala lenu kuu. Gunia likitoboka, mimi ndiye niliyekuwa nikilitazama na kuthibitisha kwamba limetoboka. Mwezi wa Januari mliniandikia kunishukuru kwa kustaafu mapema kwa hiari yangu. Hiari hiyo nilikutana nayo mara ya kwanza mlemle ndani ya barua. Lakini silalamikii hilo. Najua uchumi umeanguka, wafadhili wamekasirika, na nchi haiwezi kuendelea kulisha watu wa kutazama matundu. Mlinishauri nirudi mashambani nijenge taifa kwa jembe. Nilirudi bila kinyongo. Shida ni kwamba jembe halijagusa udongo mpaka leo, na wa kulaumiwa ni ninyi. Naeleza.

1. Mliniachisha kazi kabla ya mkubwa wangu.

Kaka yangu Zadock ni Mkaguzi wa Mishono katika ghala hilohilo. Yeye ndiye kifungua mimba wa mama yetu, mimi ni wa pili, na Tom ni kitinda mimba. Kwetu kila jambo huanza na mkubwa. Zadock alioa, ndipo nikaoa mimi. Alijenga, ndipo nikajenga. Hata surua ilianza na yeye, na mama husema ilikuwa surua ya adabu, ilipumzika kidogo kabla ya kunishika mimi. Sasa ninyi wasomi, wenye ofisi yenye zulia, mnamruka Zadock mnanishika mimi. Surua ilituheshimu kuliko kamati yenu.

2. Mmezuia kilimo.

Kama hutoki upande wetu, Bwana Mwenyekiti, nivumilie kidogo. Mvua kubwa ikianza, mama yetu hupanda kwanza, kwa kuwa baba hayupo tena. Baada yake hupanda kifungua mimba pamoja na mkewe. Kisha wa pili, kisha wa tatu. Mdogo kumtangulia mkubwa kupanda ni mwiko. Anayeuvunja huleta chira, laana inayomkondesha mtu hadi suruali yake inatafuta mtu mwingine wa kuivaa.

Mama alipanda mwezi wa Machi. Zadock hajapanda. Hajapanda kwa sababu hajapewa ruhusa ya kuja nyumbani. Hajapewa ruhusa kwa sababu, tangu mniachishe mimi, yeye ndiye anayekagua mishono na matundu pia, na juu ya hayo mmempa kazi ya kuwachemshia chai wageni wanaokuja kuhakikisha kwamba mmepunguza watu. Kwa hiyo matundu yangu yanamzuia Zadock kupanda. Zadock asipopanda, mimi siwezi kupanda. Na mlinitoa kwenye matundu ili nikapande. Nimemweleza mke wangu Lornah jambo hili mara nyingi, na kila nikifika katikati anakumbuka kwamba maji yameisha, anabeba mtungi.

Siku moja nilishindwa kuvumilia nikashika jembe. Mama alinijia mbio, leso kiunoni, akasimama kwenye mpaka wa shamba. "Dalmas," akasema, "hiyo jembe weka chini. Unataka kuua sisi juu ya mahindi?" Niliweka chini. Mahindi ya majirani yamefika magotini. Shamba langu ni magugu matupu, na mvua haimngoji mtu. Naogopa, Bwana Mwenyekiti, nasema kweli. Mvua hii ikipita bila sisi kupanda, watoto wa boma hili hawatakula ugali wa kwao mwaka huu.

3. Mmetengeneza foleni.

Nyuma yangu kuna Tom. Alikuwa akiendesha trekta la miwa upande wa Muhoroni mpaka mwenye trekta naye akaambukizwa ugonjwa wa kupunguza. Siku hizi Tom anakuja kila asubuhi, anasimama kando ya shamba langu, ananitazama kama mtu aliye nyuma yako kwenye foleni ya sukari wakati wewe umeanza kupiga gumzo na mwenye duka. Nyuma ya Tom kuna Mzee Oketch, ambaye hutulimia kwa ng'ombe wake. Ng'ombe hao nao wamestaafu mapema. Wamenenepa, na ukiwaita wanageuza shingo polepole kama mameneja. Redio inatuambia kila jioni kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Hapa kwetu uti huo umejinyoosha kivulini, unamsubiri Zadock amalize kuchemsha chai.

4. Mmemwonea mke wangu.

Jicho lililofundishwa na Bodi halipumziki kwa sababu Bodi imelitaka lipumzike. Nimekagua kapu, chandarua, na banda la kuku. Nimempa Lornah taarifa ya kila tundu nililoliona, pamoja na matundu mawili makubwa katika maelezo yake kuhusu sukari ilikokwenda. Ameniomba nikuandikie kwamba yuko tayari mnichukue tena, hata bila mshahara, na nauli atalipa yeye.

Sasa nije kwenye dawa, maana mimi si mtu wa kulalamika tu. Mwezi uliopita nilifika ofisini nikamweleza Bwana Waliaula, afisa wenu wa wafanyakazi. Huyo kwao ni Bungoma, lakini masikio yake ni ya mtu wa popote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani, akasema atafikisha maneno yangu kwa wakubwa. Sijasikia jibu, kwa hiyo nayaweka rasmi.

Kwanza, Zadock aachishwe kazi mara moja, kwa heshima zote zinazomstahili kifungua mimba. Apande, nipande, Tom apande, ng'ombe warudi kazini. Kwa kumfukuza mtu mmoja mtakuwa mmewapa kazi watu watatu na ng'ombe wawili. Sijui ni mchumi gani amewahi kuwaletea faida ya namna hiyo.

Pili, tangu sasa kila mfanyakazi apunguzwe kwa kufuata zamu ya kwao, mkubwa akitangulia.

Tatu, najua mtauliza: na kama mkubwa wake hajaajiriwa popote? Basi aajiriwe kwanza, ndipo afukuzwe. Mzee wa miaka themanini aletwe kutoka kijijini na fimbo yake, apewe kiti, kalamu na kikombe cha chai, azungushwe kusalimia wenzake wapya, kisha aachishwe kabla ya chakula cha mchana. Hapo mdogo wake yuko huru kupunguzwa bila mwiko. Mkifuata njia hii mtaajiri watu wengi kuliko enzi zile uchumi ulipokuwa na afya, na wafadhili hawatakuwa na neno, kwa sababu kila mtu mtakayemwajiri mtakuwa mmemwajiri kwa nia safi ya kumfukuza.

Nne, itabidi kuwe na ofisi ya kuwatafuta hao wakubwa vijijini, kuanzia hapa hadi Luanda Kotieno, na ofisi itahitaji mkuu. Namfahamu mtu mmoja mwenye jicho kali ambaye hana shughuli yoyote.

Tano, sijui wewe mwenyewe u wa ngapi kwenu. Kama una kaka ambaye bado yuko kazini, kaa kitini kwa amani. Lakini kama wewe ndiye kifungua mimba, tafadhali waonee huruma wadogo zako. Huenda wamesimama shambani wakati huu, majembe mabegani, wanatazama barabara.

Nisalimie kamati yote, Bwana Waliaula, Mama Nasambu wa mapokezi, na Wakhisi wa langoni, ambaye aliniazima mwavuli na ninamwomba asiukatie tamaa. Msalimie pia Zadock. Mwambie asichukue vibaya, ni kwa ajili ya mahindi.

Ni mimi, niliyepunguzwa bila heshima yangu kwenu kupungua,

Dalmas Ouma

Tanbihi: Nilichelewa kutuma barua hii kwa sababu posta ilikuwa imeishiwa stempu. Ijumaa jioni Zadock alishuka hapa stendi na godoro na ile birika ya wageni. Mmempunguza. Jumamosi alipanda na mkewe Jentrix, kisha nikapanda mimi, kisha Tom. Mwiko haukuguswa, mistari imenyooka, hata ng'ombe wamekonda kidogo. Leo asubuhi mama aliuliza ni nani atamletea dawa zake za presha mwezi huu. Sote tulimgeukia Zadock kwa mazoea, kisha tukatazama chini. Ni mshahara wake ulionunua mbegu tulizopanda sote. Ndio uliosomesha watoto wangu na wa Tom, na mahindi hayataiva kabla ya Agosti. Jambo hilo sikulifikiria hata kidogo nilipokuwa nikiwapangia uchumi. Naomba yote niliyoandika hapo juu yafutwe, na yale niliyomwambia Bwana Waliaula yafutwe zaidi, na Zadock arudishwe kazini upesi, hata kama ni kwenye chai peke yake. Fanyeni haraka, Bwana Mwenyekiti. Zadock anasema ofisini aliambiwa kwamba ameachishwa kwa ombi la familia, na anataka kujua ni nani aliyeomba. Ameanza na Tom, na Tom ameapa mbele ya Biblia. Sasa yuko jikoni anamuuliza mama, na mama akimaliza kujibu nimebaki mimi tu.