Waraka wa Kwa Sababu

Ilitangazwa siku ya Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, mbele ya watumishi wote kumi na mmoja na feni moja mbovu, kwamba Idara ya Vyeti vya Kuzaliwa imeingia rasmi katika zama za saikolojia.

Mkurugenzi alikuwa ametoka semina ya siku tatu. Siku ya pili alikuwa amechoka, na ya tatu ilikuwa ya kununua zawadi, lakini siku ya kwanza aliihudhuria kikamilifu mpaka chai ya saa nne. Hapo ndipo alipoipata sayansi yenyewe: mtu ukimnyima kitu bila sababu, hununa, ukimpa sababu, hata iwe ya ovyo, hutulia.

“Kwa hiyo,” alisema, “kuanzia leo ni marufuku kumwambia mwananchi ‘rudi kesho.’ Utamwambia ‘rudi kesho, kwa sababu.’”

“Kwa sababu gani, Mkurugenzi?” aliuliza karani wa Dirisha la Tatu, mama mwenye miaka kumi na tisa kazini na mto wake mwenyewe wa kukalia.

“Yoyote ile. Utafiti haubagui.”

Waraka ukabandikwa ukutani. Kila karani akakabidhiwa Fomu ya Vichwa Vilivyoitikia, ya kuwekea alama kila mwananchi aliyeitikia kwa kichwa na kuondoka bila maneno.

Karani alianza kwa kuona haya. “Rudi kesho, kwa sababu leo ni Jumatatu.” Mwenye duka la vyuma akaitikia, akaondoka. “Rudi kesho, kwa sababu faili lako limo ndani ya faili.” Dereva wa lori akasema, “Ahaa!” kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kufikia Jumatano sanduku la malalamiko lilikuwa na karatasi moja tu, nayo ilikuwa ya shukrani. Tusimlaumu karani. Ukitukanwa miaka kumi na tisa, heshima ya siku tatu inalevya.

Ukweli ni kwamba vyeti havikutoka kwa kuwa Mkurugenzi hakuwa akitia sahihi. Tangu Jumatatu alijifungia ofisini akijumlisha vichwa kwa ajili ya ripoti. Ripoti ilipofika wizarani, jibu lilikuja siku hiyo hiyo: Waziri mwenyewe atafika Ijumaa, saa tano kamili, kumkabidhi Tuzo ya Ubunifu.

Kichwa kimoja tu kilimsumbua karani. Kilikuwa cha mama mmoja mtu mzima, fundi cherehani, tepi ya kupimia shingoni, aliyefuatilia cheti cha mjukuu wake. Usajili wa mtihani ulikuwa unafungwa Ijumaa saa sita mchana. Alikuja Jumanne, akaja Jumatano. Alhamisi sababu zilikuwa zimemwishia karani.

“Rudi kesho, mama, kwa sababu kesho inakuja.”

Fundi aliitikia polepole. “Sawa, mwanangu. Ila huyu mtoto nimemlea tangu ana wiki mbili. Asipofanya mtihani ataishia kwenye vitambaa kama mimi, na ana akili kutushinda sote wawili.”

Karani akaweka alama kwenye fomu.

Ijumaa asubuhi alifika kabla ya wenzake, akakichomoa cheti kwenye rundo la vinavyosubiri sahihi, akakitia mkobani pamoja na muhuri. Hakujua atafanya nini navyo. Alijua tu kwamba kosa hilo linafukuzisha kazi. Mara Mkurugenzi akamwita: aende mtaa wa pili akamchukulie suti yake mpya kwa fundi.

Cherehani ilikuwa inaunguruma. Fundi hakuinua uso.

“Shikamoo, mama. Nimetumwa suti ya Mkurugenzi.”

“Marahaba. Mwambie arudi kesho, kwa sababu mkono wa kushoto bado.”

Karani akaitikia kwa kichwa, akatoka. Alikuwa ameshafika barabarani alipogutuka. Akarudi mbio.

“Mama, si wewe ndiye…”

“Ndiye. Na wewe ndiye. Mwanangu, mimi nawaambia watu ‘njoo kesho, kwa sababu’ mwaka wa arobaini huu. Nyinyi mmeanza Jumatatu.”

Karani akampigia simu Mkurugenzi, akamfikishia sababu neno kwa neno.

“Hiyo ni sababu au matusi?” alifoka Mkurugenzi, na baada ya dakika kumi alikuwa mlangoni, jasho likimtiririka.

“Mkono haujaungwa,” fundi alimweleza kwa upole, “kwa sababu sindano haijapita.”

Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa. Kisha akajishtukia. “Waziri anakuja saa tano!”

“Na usajili wa mjukuu wangu unafungwa saa sita. Mkuki kwa nguruwe, baba.”

Karani akafungua mkoba. Cheti kikatua juu ya meza ya kupigia pasi, na Mkurugenzi, ambaye wiki nzima hakuwa na nafasi, alitia sahihi kwa sekunde mbili. Muhuri ukashuka. Fundi akakichukua cheti, akakipuliza wino, akachukua namba ya simu ya karani, akafunika cherehani.

“Mkono wangu!” alilia Mkurugenzi.

“Nakwenda shuleni kwanza. Njoo kesho.”

Saa tano kamili Waziri alishuka garini, akamkuta Mkurugenzi mlangoni ndani ya koti jipya lenye mkono mmoja. Watumishi walisimama mstari. Waziri alilitazama koti bega hadi bega.

“Mbona hivi?”

“Kwa sababu, Mheshimiwa, mkono mwingine haupo.”

Waziri aliitikia kwa kichwa. Utafiti haukuwa na dosari. Akampa msaidizi wake tuzo airudishe garini.

“Hii hutapewa leo,” alisema, “kwa sababu utapewa siku nyingine.”

Nyuma ya Dirisha la Tatu simu ya karani ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa fundi: *Mtoto ameandikishwa.* Machozi yakamlenga karani, na hakuyaficha. Alipoinua uso alimwona Mkurugenzi bado amesimama uani, akilitazama gari likiondoka, huku akiitikia kwa kichwa.

Karani akavuta fomu, akaweka alama.