Nafuata Mwamba wa Uyoga

Jumatatu, 2 Desemba 2024
Mke wangu Violeth amegoma kurudi nami machimboni Nyarugusu. Mama yake, Nyamizi, kasema mwanawe harudi kwa mwanamume aliyechimba dhahabu miaka sita bila kuleta hata kitoweo. Gregory, aliyemuoa mdogo wa Violeth, jana kaleta sangara mzima. Mshamba! Mimi nitaleta uyoga. Mama mkwe anaupenda kuliko nyama, na mvua imenyesha. Nimefikia kwa Sostenes, mchimbaji mwenzangu, jirani yao. Kazi ndogo.

Jumanne, 3 Desemba
Ndoo imejaa! Uyoga mwekundu, mnene, wa kwenye gogo bovu. Mkwe hasimami mbele ya mama mkwe, basi nikajibanza nyuma ya ghala kusikiliza. Violeth kampelekea ndoo, naye kaagiza wamwagiwe kuku. Kuku wameutazama, wakaondoka. Gregory kacheka mpaka kapaliwa.

Jumatano, 4 Desemba
Leo nimetumia akili. Msituni, chini ya miti ya mitundu, kuna kichuguu kimefunikwa na uyoga mdogo mdogo. Mamia! Kofia kama kifungo cha shati, nyeupe, kijivu kidogo katikati, vijishina vyembamba. Nimechukua sampuli tatu, uliobaki nikaufunika kwa matawi, Gregory asiuone. Violeth kampelekea mama yake, akarudi na jibu: ndio wenyewe, mtamu, huota kwenye vichuguu mvua za kwanza, na... Sikungoja hiyo "na". Nilishakimbilia sururu. Punje za dhahabu zikionekana juu, mwamba wake uko chini. Uyoga mdogo juu, mkubwa uko chini. Nani asiyejua?

Alhamisi, 5 Desemba
Futi tano. Mchwa wamening'ata mahali nisipoweza kupaandika. Uyoga mkubwa, hakuna. Mdogo wote umefukiwa na kifusi. Nimeokoa kiganja kimoja, nikakiosha kwenye karai kama mchanga wa dhahabu. Kimeelea, kikaondoka na maji.

Ijumaa, 6 Desemba
Violeth kanimalizia ile "na". Na uchumwe kwa mkono, kichuguu kisiguswe, maana kinalisha nyumba yao kila Desemba tangu yeye ananyonya. Mama mkwe amekwenda, amekiona. Kwa kuwa hanisemeshi, kasimama uani akamsemesha mbuzi. Kamwambia kuna mtu alimpa binti akamshindisha njaa, na sasa kamvunjia na kichuguu. Mbuzi kaendelea kutafuna. Nyuma ya ghala nililia, kweli nililia. Kumbe Violeth alishaanza kufunga begi turudi wote. Kalifungua, karudisha nguo kabatini.

Jumamosi, 7 Desemba
Gregory kaleta bakuli la uyoga kutoka kichuguu kingine, ng'ambo ya korongo. Kauchuma kwa vidole! Kasifiwa mpaka mbuzi kasikia. Nimetafakari kosa langu na nimeliona: nilianzia juu. Cha Gregory nitakiingia ubavuni. Sostenes kaniazima sururu nzito zaidi. Nimemtumia Violeth ujumbe afunge begi.