Utando Mwekundu Ulionitoa Nyumbani kwa Mke Wangu

Mangarivotra, Mahajanga
Machi 1963

Kwa Bwana Chaehoi,
Msimamizi wa Nyumba ya Samaki,
Ambatoloaka, Nosy Be

Bwana Mheshimiwa,

Assalaam alaikum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na samaki wako wazima. Mimi si mzima sana. Nakuandikia kwa Kiswahili, kama wazee wetu walivyoandikiana kati ya Mahajanga na Marodoka, huko kwenu Nosy Be, kwa sababu Kifaransa hunikimbia nikikasirika, na Kimalagasi hapa ni cha mazungumzo ya kila siku. Haya yangu si ya kila siku.

Ni mimi Mahamoud Bourhane, karani wa ghala bandarini, yule uliyemletea samaki kwa mkono wa baharia Djaffar. Tangi la kioo niliachiwa na Mfaransa aliyekuwa mkubwa wangu kazini, alipofunga mizigo baada ya bendera kubadilishwa. Kwake maji yalikuwa maangavu hata ukadhani tangi ni tupu. Lakini yule bwana hakuwa na watu. Sikumbuki kumwona mgeni hata mmoja kwake. Kwangu, Alhamdulillahi, tangi lilipowekwa tu sebuleni mtaa mzima ulikuja, na haukuacha kuja. Hapo ndipo maji yalipoanza kugeuka. Kwanza ukijani kwenye kioo, kisha manyoya ya kijani juu ya mawe, kisha utando mwekundu, mzito, wenye kuteleza, uliofunika mchanga wote kama malai juu ya maziwa. Harufu yake ni ya kapu la dagaa lililosahauliwa.

Nilikuandikia kuomba msaada, ukajibu kwa adabu, nikafuata. Sasa maji yamezidi unga, nami naweka malalamiko yangu mbele yako.

1. Kuhusu dirisha. Uliniagiza nifunge dirisha mchana, eti mwani unakula jua. Nilifunga. Bwana, hapa Mangarivotra nyumba inayofungwa madirisha mchana ni nyumba yenye msiba. Kabla ya adhuhuri majirani walishafika na misahafu, na Bi Rabiata wa nyumba ya pili alikuwa analia kwa sauti bila kujua anamlilia nani. Ningewaambia nini? Kwamba naunyima mwani jua? Ilibidi tusome khitma, na thawabu nikaielekeza kwa marehemu babu yangu, ambaye amefariki zamani na hakuwa akitarajia kitu mwaka huu. Kisha watu wakala, na kila aliyekula alimega kidogo akawatupia samaki, maana ni sadaka. Kesho yake utando ulikuwa umepanda hadi kwenye mpira wa pampu.

2. Kuhusu chakula. Hapa ndipo uliponiumiza. Uliandika kwamba samaki wangu wanalishwa kupita kiasi, kwamba kinachobaki huoza na kuulisha utando, niwape chembe chache tu kwa siku, na siku nyingine nisiwape kabisa. Bwana Chaehoi! Mzungu angeandika hivyo ningesema hajui. Wewe ni mtoto wa Marodoka, umelelewa kwenye sinia. Samaki hawa wametoka kwao wamevuka bahari ndani ya ndoo, hawana ndugu hapa ila mimi. Niwaweke na njaa sebuleni, mbele za watu? Wali wanakula. Mkate wa nazi wanakula. Vitumbua vya Bi Rabiata wanavigombania. Kama wameshiba, si wangeacha?

3. Kuhusu konokono. Uliniletea konokono wa baharini, ukisema kazi yao ni kula mwani. Nilifurahi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikawapa siku zao mbili kwa heshima zote, kwa wali wa nazi. Siku ya tatu hakuna aliyeshika kazi. Walikuwa wamekaa juu ya wali. Sijawahi kuona wafanyakazi walioelewa uhuru haraka namna hiyo.

4. Kuhusu ukoo wa huo utando. Ulinieleza kwamba ule mwekundu si mwani hasa, ila ni vijidudu visivyoonekana kwa jicho, vinavyoshikana hadi vikawa zulia, na kwamba viumbe hivyo vilikuwapo duniani kabla ya samaki, kabla ya miti, kabla ya mtu. Uliandika kama mtu anayesifu. Mimi babu yangu aliletwa hapa mtoto kutoka Ngazidja, visiwani Komoro. Baba yangu kazaliwa Mangarivotra, nami pia, na bado tangu uhuru kila ofisi ninayoingia naulizwa karatasi ya kuonyesha mimi ni wa wapi. Utando haujaulizwa. Umeingia, umetandaza mkeka, umekaa. Kama kutangulia ndiko haki, basi tangi ni lao, na sisi wengine wote, na wenye ofisi wakiwamo, tupange foleni tukawaombe kibali. Naandika kwa mzaha lakini linaniuma.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Kama ujuavyo, kwetu nyumba ni ya mke. Mke wangu Rahamatou alivumilia harufu, akavumilia khitma isiyo na maiti. Juma lililopita alifika mama yake mdogo kutoka Nosy Be, akakaa sebuleni, akavuta pumzi, akauliza kwa upole kama humu ndani kuna mgonjwa. Rahamatou hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alikunja mkeka wangu, akauweka barazani, na juu yake kofia yangu ya Ijumaa. Akasema tangi ni zito, halibebeki, basi atoke anayebebeka. Tangu hapo nalala dukani kwa dada yangu Sittina, kati ya magunia ya vitunguu, na watu wakiniuliza nasema namlindia mali yake. Namkumbuka mke wangu, Bwana. Nakuandikia wazi kwa kuwa uko mbali.

Kwa hayo yote, ombi langu ni dogo. Umwandikie Rahamatou, kwa muhuri wa ofisi, kwamba utando mwekundu ni kiumbe adimu, unatunzwa kwa amri, na harufu yake ni dalili ya afya. Kama dhamiri yako haikuruhusu, basi tuletee bahari nyingine, hii ya Mahajanga ina kasoro. Na kama hilo nalo ni gumu, njoo mwenyewe ulale kwenye vitunguu, mimi nirudi kwangu, maana ushauri ulikuwa wako. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo iliyonila mimi imetoka Ambatoloaka. Kwa upande wangu sikuacha kuwatunza samaki wale hata siku moja. Mtaa mzima utashuhudia.

Nisalimie jamaa wote wa Marodoka, wakubwa kwa wadogo, na Djaffar ukimwona, na mama mdogo wa Rahamatou ukikutana naye njiani, ingawa yeye usimwambie salamu zimetoka kwa nani.

Wako mwenye heshima na harufu ya vitunguu,
Mahamoud Bourhane

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua hii Rahamatou aliniita nikachukue tangi langu. Nikaenda na hamali wawili. Bwana, maji ni maangavu. Mchanga ni mweupe, mawe yanaonekana, samaki wana rangi ambazo sikujua wanazo, na konokono wako kazini. Nilimuuliza ametumia dawa gani. Alisema hakutia kitu. Siku niliyotoka alichota ule utando kwa upawa, akaongeza ndoo za maji ya bahari, akatundika kanga kuukuu upande wa jua, basi. Wageni hawakuja, kwa kuwa mwenyeji hayupo. Chakula hakuwapa, kwa kuwa yeye na samaki hawasemezani. Kilichotoka ndani ya nyumba ni kimoja tu, akasema, na akanitazama. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwangu imekuwa mwenyeji toka, mgeni apone.

Hamali nimewarudisha. Barua naituma hata hivyo, kwa sababu nimeshaiandika vizuri. Rahamatou ameniruhusu kurudi Alhamisi, kwa sharti niingie sebuleni mikono mitupu, na mifuko ataikagua mwenyewe mlangoni. Nilipokuwa naaga, yule samaki wa mistari alikuja kwenye kioo akafungua mdomo, kama alivyozoea akiniona. Mfukoni nilikuwa na kitumbua cha Bi Rabiata. Nilikitoa, nikakila chote peke yangu, nimesimama, mbele ya mgeni.